UZI: Daftari la wiki nne lilivyonionyesha pesa inavuja wapi kwenye ofisi ya dizaini (hesabu zote zimo)

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za humu. Uzi ni mrefu. Mwenye ofisi ya grafiki, ya uchapaji, ya ushonaji au ya usanifu wa ndani avumilie afike mwisho, maana nimeweka namba zangu zote hadharani, ili mwenye macho makali kuliko yangu anikosoe.

Nina ofisi ya dizaini Dar es Salaam, upande wa Kariakoo, huu ni mwaka wa sita. Tuko watano: madizaina wawili, dada wa mapokezi ambaye pia anashika hesabu, kijana wa kukata na kumalizia kazi, na mimi. Tunafanya nembo, vipeperushi, kadi za harusi, mabango, lebo za bidhaa, na mwisho wa mwaka kalenda. Kazi hazijawahi kukauka. Benchi la wateja linajaa toka asubuhi, simu haitulii, na bado ikifika tarehe 25 nilikuwa naanza kupanga nani nimlipe kwanza na nani nimwombe asubiri. Mwaka jana mwezi wa nne nilikopa milioni mbili nilipe mishahara na kodi ya pango, huku kazi za zaidi ya milioni tatu zikiwa zimeshabebwa na wateja na hazijalipwa.

Nilianza kwa kushuku watu. Nikahesabu karatasi stoo, nikahesabu stika, nikalinganisha na risiti. Hakuna kilichopungua. Nikashuku bei, nikapandisha kidogo, wateja wakalalamika wiki mbili wakazoea, na tarehe 25 ikawa ile ile.

Kilichonifumbua macho ni mama mmoja wa unga wa lishe. Alikuja Jumanne kuchukua lebo zilezile alizochapa nasi awali, ila uzito ubadilike kutoka gramu 500 kuwa kilo 1. Ni kufuta namba na kuandika namba. Nilikuwa nimekaa meza ya nyuma, nikawa naangalia bila kusema kitu.

Dizaina akafungua folda. Ndani kuna "lebo unga final", "lebo unga final 2", "lebo unga MPYA", "lebo unga ya kuprinti". Akafungua moja moja. Ile ya kuprinti ikagoma, fonti haipo kwenye mashine yake. Akamwita mwenzake, mwenzake akasema iliyochapwa ilitoka kwenye kompyuta ile nyingine kabla haijapigwa programu upya. Wakaingia WhatsApp ya ofisi, wakapandisha mazungumzo mpaka miezi ya nyuma, wakakuta picha tu, na picha ya WhatsApp ikishabanwa haichapiki ikawa safi. Mwisho wakaamua kuichora upya juu ya ile picha. Mama amekaa kwenye benchi, kikapu mapajani, kila baada ya muda anauliza kwa upole, "Mwanangu, bado?" Aliingia saa nne na dakika kumi. Alitoka saa tano na dakika hamsini. Tulimtoza shilingi 10,000 ya marekebisho.

Siku hiyo nilinunua kaunta buku.

#2 – Mwanzisha uzi (naendelea)

Daftari lilikaa mezani kwa madizaina. Kila nusu saa mtu anaandika herufi moja tu. K ni kazi ya mteja inayolipwa. T ni kutafuta: faili, fonti, namba ya simu, ujumbe, risiti. S ni kusubiri. R ni kurudia kazi kwa sababu maelezo ya mwanzo yalikuwa nusu au yalikosewa. M ni marekebisho yaliyozidi makubaliano. N ni mengine: chai, kikao, kufuta vumbi, kujifunza. Hakuna kuandika jina. Tulijaza wiki nne, mwezi wa nane.

Kabla sijawapa matokeo, tupige kwanza bei ya saa, maana wengi wetu hatuijui. Kwa mwezi ofisi yangu inakula hivi:

Mishahara ya watu wanne 1,950,000. NSSF upande wa mwajiri, asilimia 10, ni 195,000. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, asilimia 0.5, ni 9,750. Pango 450,000. Umeme 160,000. Intaneti 120,000. Programu 90,000. Ulinzi, usafi, maji na chai 90,000. Uchakavu wa kompyuta 150,000, yaani mashine za 5,400,000 nimezigawa kwa miezi 36, kwa sababu zitakufa na nitanunua nyingine. Halafu mshahara wangu 900,000, ambao miaka mitano nilikuwa siuandiki popote.

Jumla 4,114,750. Karatasi, wino na gharama za kiwandani hazimo, hizo zinaingia kwenye bei ya kila kazi.

Sasa saa. Tunafanya kazi saa 45 kwa wiki, ndicho kiwango cha juu cha sheria ya ajira kabla ya saa za ziada. Kwa mwaka ni 2,340. Toa likizo ya siku 28, toa sikukuu, zinabaki saa 171 na ushee kwa mtu kwa mwezi. Wanaozalisha saa za kuuza ni madizaina wawili. Wiki nne za daftari, ukitoa Nanenane na ruhusa ya saa mbili, zilitoa saa 342, karibu sawa kabisa na wastani wa mwezi, kwa hiyo nikaishika hiyo.

4,114,750 ukigawa kwa 342 unapata 12,031. Ndiyo gharama ya saa moja kama kila saa ingeuzwa.

Daftari likasema zilizouzwa ni 188.

Nilirudia kujumlisha mara tatu. 188 kati ya 342. Gawa tena: 4,114,750 kwa 188 ni 21,887. Nembo nilikuwa natoza 150,000, na wastani inakula saa 10. Kichwani kwangu ilikuwa inagharimu 120,000, nabaki na 30,000. Ukweli inagharimu karibu 219,000. Kila nembo niliyoshangilia kuipata nilikuwa namlipia mteja karibu 69,000 kutoka mfukoni mwangu.

Saa 154 zilizobaki ziligawanyika hivi: kutafuta 31, kusubiri 38, kurudia 34, marekebisho ya ziada 22, na mengine 29. Hayo mengine siyagusi. Mtu lazima anywe chai, na dizaina asiyejifunza anazeeka haraka. Zinabaki saa 125. Kwa 12,031 ni milioni moja na nusu na chenji. Kila mwezi.

Nawakaribisha. Bomoeni hesabu.

#3 – Mchapaji, Arusha

Mkuu umenigusa. Kwangu T ingezidi hiyo. Mteja anakuja, "niprintie ile ya mwaka jana," na ya mwaka jana iko kwenye flashi ya kijana aliyeacha kazi. Nafuatilia uzi huu.

#4 – Mhasibu, Dodoma

Hongera kwa kuweka namba, wachache wana moyo huo. Naomba nikukosoe sehemu mbili.

Kwanza, hiyo milioni moja na nusu siyo pesa iliyotoka. Mshahara ungelipa tu, na pango ungelipa tu. Saa iliyopotea inakuwa hasara pale tu ambapo kulikuwa na kazi nyingine ya kuiweka hapo. Kama mwezi wa pili ofisi imepoa, dizaina akitafuta faili saa mbili hujapoteza shilingi. Pia angalia usije ukachukua zile saa 125 ukazipigia kwa 21,887, utakuwa umehesabu kitu kimoja mara mbili, maana hiyo bei tayari imezibeba ndani yake.

Pili, hujaweka pesa inayotoka kweli. Kurudia kuchapa, bodaboda, riba, saa za ziada. Hizo ndizo ningeanza nazo mimi. Na kama una wateja wa kampuni, je, unadai vyeti vya kodi ya zuio? Wanakukata asilimia 5 ya malipo ya huduma na kuipeleka TRA kwa niaba yako. Cheti hicho ndicho kinachokupunguzia kodi ya mapato ukifika wakati wa ritani, yaani taarifa ya kodi ya mwaka. Usipokidai, umelipa kodi hiyohiyo mara mbili na hakuna mtu wa kukukumbusha.

#5 – Mwanzisha uzi

Mhasibu, ubarikiwe. Nimekaa na ujumbe wako jioni nzima.

Hoja ya kwanza naikubali, kwa nyongeza moja. Daftari lilikuwa na ukurasa wa nyuma ambao dada wa mapokezi aliandika kazi zilizotukimbia: mteja kaja, kaambiwa asubiri, kaondoka, au kapiga simu, kaambiwa hatuwezi kwa tarehe anayotaka. Mwezi wa nane zilikuwa saba. Nikizikadiria, zingekula kama saa 40. Kwa hiyo mwezi ule hasara iliyo halali kudai ni ya saa hizo 40, siyo 125. Ila mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili, kalenda na kadi za harusi zikigongana, tunakataa watu kila siku, na hapo kila saa ya kutafuta faili ni pesa taslimu. Nimebadilisha hesabu yangu iwe ya msimu.

Hoja ya pili imeniuma. Nimerudi kwenye risiti za mwezi huohuo wa nane.

Kadi za harusi 300 tulizichapa mara mbili. Ukumbi ulikuwa umebadilika. Kaka wa bwana harusi alituma ujumbe wa sauti kwenye simu ya mapokezi, dizaina akafanyia kazi maandishi ya wiki iliyopita. Kadi moja inatugharimu 1,200, ni 360,000. Bango la mita 3 kwa 2 lilitoka na tarakimu moja ya simu imekosewa, mita za mraba 6 kwa 12,000, ni 72,000. Bodaboda za dharura safari 23, kila moja 4,000, ni 92,000. Saa za ziada 26: mshahara wa 600,000 ukigawa kwa saa 195 ni 3,077, mara moja na nusu kama sheria inavyotaka ni 4,615, jumla 120,000. Riba ya ule mkopo wa milioni mbili, asilimia 3.5 kwa mwezi, ni 70,000.

714,000. Hii imetoka mfukoni, haina mjadala.

Na mkopo wenyewe nimeufuatilia ulikotoka. Nilipanga kazi zote za mwezi ule kwa tarehe ya kumaliza na tarehe ya kutoa ankara. Wastani siku 11. Mteja hakuchelewesha, sisi ndio tulikuwa hatujamwandikia, kwa sababu bei ilikubaliwa kwenye simu yangu, marekebisho yako kwenye simu ya ofisi, na idadi anaijua kijana wa kukata.

Vyeti vya zuio: mwaka jana tulikatwa na kampuni nne. Vilivyopo kwenye faili ni viwili. Kesho asubuhi dada anaanza kupiga simu.

#6 – Dizaina (nimeajiriwa), Mwanza

Naomba niseme upande wa pili, bila ugomvi. Bosi wangu akileta daftari la namna hiyo, nitaona ananipima ili anikate mshahara. Nikisubiri saa mbili mteja ajibu "ok", kosa ni langu? Nikichora nembo upya kwa sababu aliyepokea kazi hakuuliza rangi, mimi ndiye mvivu? Mara nyingi hesabu hizi zinaishia kwa kutuambia tuongeze spidi. Halafu kuna kitu ambacho haiwezekani kukiandikia herufi. Nikikaa naangalia ukuta nusu saa natafuta wazo la nembo, hiyo ni K au ni S?

#7 – Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, hiyo ni K. Kuwaza ndiyo kazi yenyewe, na mteja ananunua kichwa chako kwanza, mkono baadaye. Tulibishana hilo siku ya pili tu ofisini na nikaliandika kwenye jalada la daftari.

Na hofu yako ilikuwepo hata kwangu. Siku tatu za kwanza kila mtu aliandika K, K, K mpaka jioni. Nikawakusanya. Nikawaambia nilichokiona siku ya mama wa unga: hakuna aliyekaa bure dakika hata moja. Wote wawili walihangaika saa nzima na dakika arobaini, jasho linawatoka, kwa kazi ya dakika tano. Aliyeshindwa siku ile ni mimi, niliyeendesha ofisi miaka mitano bila kuamua faili linaitwaje na linakaa wapi. Nikawaahidi kwamba hakuna herufi itakayogusa mshahara wa mtu, na sijaivunja ahadi hiyo. Kuanzia siku ya nne daftari likaanza kusema kweli, na wao ndio walioongeza herufi M. Mimi sikujua kabisa kwamba marekebisho ya "kidogo tu" yanakula saa 22.

Ukitaka, mwoneshe bosi wako ujumbe huu.

#8 – Mdau, Morogoro

Kuna kitu kimenivutia. Niliwahi kufanya kazi kiwandani, tukafundishwa mfumo wa Toyota. Mhandisi wao Taiichi Ohno aliorodhesha aina saba za upotevu: kuzalisha kupita mahitaji, kusubiri, kusafirisha, kusindika kupita kiasi, kulimbikiza akiba, mizunguko isiyo na sababu, na kasoro. Kwa Kijapani upotevu huo wanauita "muda". Ndiyo, m-u-d-a. Mwalimu alipoliandika ubaoni darasa zima tulidhani anaandika Kiswahili.

Nikiziangalia herufi zako, S ni kusubiri, R ni kasoro, M ni kusindika kupita kiasi, T ni mizunguko. Kuzalisha kupita mahitaji hujaihesabu. Je, unampa mteja nembo ngapi achague?

#9 – Mwanzisha uzi

Tano. Na anachagua moja. Asante, mkuu, hilo sikuliona kabisa. Zile nne zilikuwa zinaingia kwenye K kama kazi halali.

#10 – Mzee wa uchapaji, Tanga

Vijana, hamjambo. Mimi nilianza uchapaji wakati wa kupanga herufi za risasi kwa mkono, moja moja kwenye fremu. Kosa la herufi moja lilikuwa ni kufungua fremu nzima, kwa hiyo tulijifunza kuogopa makosa mapema.

Hili unaloliita mfumo sisi tulikuwa nalo, tukiliita bahasha ya kazi. Mteja akija, inatolewa bahasha ya kaki, inapewa namba. Juu yake inaandikwa jina la mteja, kazi yenyewe, vipimo, karatasi, rangi, idadi, bei, tarehe. Ndani kinawekwa kila kitu: maandishi aliyoleta, picha, prufu (nakala ya majaribio anayoikagua kabla ya kuchapa) yenye sahihi yake, kipande kimoja cha kazi iliyochapwa. Bahasha ndiyo inayotembea kutoka mapokezi kwenda kwa mpangaji, kwenda kwenye mashine, kwenda kwenye kukata, kwenda kwa mhasibu. Kazi isiyo na bahasha haigusi mashine, hata iwe ya ndugu wa mwenye kiwanda. Bahasha ikifika kwa mhasibu, ankara inatoka siku hiyo, maana kila kitu kiko mkononi mwake.

Zilipokuja kompyuta watu walizitupa bahasha wakidhani kompyuta inakumbuka. Kompyuta inatunza, haikumbuki. Kukumbuka ni mpango wenu.

#11 – Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma ujumbe wako kwa sauti ofisini, watu wote wamesimama kusikiliza. Jumatatu tunanunua bahasha za kaki mia. Nitarudi na majibu baada ya miezi mitatu, kwa herufi zilezile.

#12 – Mzee wa uchapaji, Tanga

Marahaba, mwanangu. Prufu isainiwe na mwenye harusi mwenyewe, siyo kaka yake.

#13 – Msanifu wa ndani, Mombasa

Ndugu, kwetu sisi wa jikoni na makabati hasara iko kwenye kipimo. Nilipima jiko la mteja, nikamkabidhi fundi seremala vipimo. Baadaye mteja akaamua kubandika vigae ukutani. Vigae na saruji yake vikala karibu sentimita mbili kila upande, na hakuna aliyeniambia. Kabati limefika juu, ghorofa ya tatu, haliingii. Tulilishusha, tukalikata, tukalipaka tena. Mbao za kurudia nilizihesabu. Sikuhesabu siku nne za fundi, gari la kwenda na kurudi, na kwamba kazi iliyofuata ilianza wiki moja nyuma, mteja wake akanikata. Hiyo ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote na haina risiti.

Sasa nina sheria moja: kipimo kina tarehe, na kabla ubao haujakatwa napima tena. Saa moja ya kupima upya naiweka kwenye bei, mteja naye anaiona.

#14 – Mwanzisha uzi (miezi mitatu baadaye)

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi.

Tulichofanya ni kidogo sana. Bahasha ya mzee, kila kazi ina namba. Faili kwenye kompyuta linaanza na namba hiyohiyo, halafu jina la mteja, halafu tarehe. Maneno "final" na "mpya" tumeyapiga marufuku. Likishakwenda kuchapwa, linahamia folda moja inayoitwa ZILIZOCHAPWA, pamoja na fonti zake, na linanakiliwa kwenye diski mbili za nje, moja nalala nayo nyumbani. Karatasi ya maswali 11 inajazwa mapokezi kabla dizaina hajaguswa. Picha na nembo mteja anatuma kama dokumenti au kwa barua pepe, haziji kama picha ya kawaida ya WhatsApp. Mabadiliko ya sauti dada anayaandika, anamsomea mteja, ndipo yanaingia kwenye bahasha. Nembo ni mapendekezo mawili, marekebisho mara mbili, ya tatu yanalipiwa. Asilimia 70 kabla ya kuanza. Ankara siku kazi inapotoka.

Gharama ya kuanzisha: diski mbili 280,000, bahasha na karatasi 35,000, na Jumamosi tatu za kupanga mafaili ya zamani, ambazo nililipa kama saa za ziada. Hatukununua programu yoyote. Walionishauri ninunue mfumo wa kusimamia kazi nimewashukuru. Labda mwakani. Ila kama tungeununua ule mwezi wa nane, tungehamishia fujo yetu mahali pengine tu, na kuilipia kila mwezi.

Daftari la wiki nne za mwezi uliopita: kutafuta kutoka 31 mpaka 9. Kurudia kutoka 34 mpaka 15. Marekebisho ya ziada kutoka 22 mpaka 13. Kusubiri kutoka 38 mpaka 30 tu. Kujaza bahasha na karatasi kunakula saa 6 ambazo zamani hazikuwepo, nazo nimezihesabu. Kwa hiyo tuliokoa saa 52.

Mhasibu, ulikuwa sahihi. Saa 52 hazikuuzwa zote. Zilizouzwa zimefika 226, siyo 240, kwa sababu kazi za kuzijaza zote hazikuwepo. Hizo nyingine madizaina walirudi nyumbani saa kumi na moja jioni, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu nimewaajiri, na saa za ziada mwezi huo zilikuwa 5. Gharama ya saa iliyouzwa sasa ni 18,207.

Nembo sasa inakula saa 8 na nusu, yaani 155,000 hivi. Kumbe hata ofisi ikinyooka, bei yangu ya 150,000 ilikuwa chini. Nimepandisha mpaka 220,000, na safari hii namweleza mteja kila kilichomo bila kubabaika, kwa sababu najua.

Kurudia kuchapa mwezi uliopita: kazi moja, vipeperushi, 48,000. Prufu ilisainiwa na kosa lilikuwa la mteja, tukagawana nusu kwa nusu. Ankara zinatoka ndani ya siku moja, mkopo umebaki laki sita. Vyeti viwili vya zuio vimepatikana.

Na mama wa unga amerudi wiki iliyopita, anataka lebo ya nusu kilo tena, na nyingine mpya ya unga wa mtama. Dada aliuliza namba, mama akaitoa kwenye pochi, imeandikwa nyuma ya risiti. Ile ya zamani ilikuwa tayari hata kikapu hajakiweka chini. Muda uliobaki dizaina alikaa naye kwenye benchi wakizungumzia rangi ya mtama, uwe mwekundu wa udongo au wa kahawia.

#15 – Mchapaji, Arusha

Mkuu, hizo saa 30 za kusubiri zinakataa kushuka kwa nini?

#16 – Mwanzisha uzi

Herufi S imebeba vitu vingi mno. Umeme kukatika, mteja kuchelewa kujibu prufu, na mashine ya kukata ambayo wote wawili wanaihitaji wakati mmoja. Kuanzia Jumatatu tumeigawa: SU, SM, SK. Kwa macho tu nahisi SM ndiyo kubwa, na nimeanza kuandika kwenye prufu kwamba tarehe ya kukabidhi inahesabiwa toka siku mteja anaposaini, siyo toka siku anapoleta kazi. Nitaweka namba hapahapa daftari likijaa.